Vyungu Viwili Dirishani

Leonilde alikuwa ameshawasimulia wageni habari za tetemeko la Lisbon mara nyingi kiasi kwamba mdomo uliweza kuzisimulia peke yake, moyo ukaenda kwingine. Ndivyo ilivyokuwa alasiri ile, mkesha wa Mtakatifu Antoni, ndani ya gofu la kanisa la Carmo. Juu hakuna paa. Nguzo zinapanda, matao yanakutana, na baada ya hapo ni anga tupu na njiwa.

"Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi," alisema, mwavuli wake wa manjano ameuinua ili wasimpotee. "Watu walikuwa makanisani, mishumaa inawaka. Ardhi ilipotikisika, mapaa yakawaangukia. Waliowahi kutoka wakakimbilia mtoni, wakidhani penye uwazi ndipo penye usalama. Maji yakarudi nyuma, kisha yakawajia. Na ile mishumaa ikaunguza kilichobaki."

"Mbona hapa hawakurudisha paa?" aliuliza mzee mmoja.

"Walianza kulijenga, wakaishia njiani. Baadaye watu wakauzoea huo uwazi, wakaona heri ubaki."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Leonilde, hatii chumvi. Waongoza wageni wenzake walimtania kwamba historia yake ni uji wa mgonjwa. Yeye hakujali. Kitu asichokichunguza mwenyewe hakikumtoka kinywani, na kwa hilo alijivunia, labda kuliko ilivyompasa.

Mama mmoja wa Kinorwe, mjane mwenye kofia pana, alimsogelea wenzake walipotawanyika kupiga picha.

"Na nyumba ya yule mwanamke wa sahani iko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Yule ambaye siku ya tetemeko mume wake alimwambia, ngoja nikanunue mkate. Hakurudi. Mke akaendelea kumwekea sahani mezani mpaka akazeeka. Mimi kisa hicho kimenitoa machozi."

Damu ilimpanda Leonilde usoni. "Nani amekusimulia?"

"Kijana wa mwavuli wa bluu. Asubuhi tulizunguka naye. Alitusimulia tukiwa tumekaa mtoni. Tulipomwomba atupeleke kwenye nyumba yenyewe akasema pale hapitishi wageni tena."

"Baltazar," jina lilimtoka bila kulitaka.

"Huyo huyo. Ametuaga mmoja mmoja. Sisi na kundi lake la jioni hii ndio wageni wake wa mwisho, kesho alfajiri anahamia Luxemburg. Kwani hukujua? Nilidhani nyinyi mnafahamiana wote."

Leonilde alitaka kusema anajua, akashindwa, maana uongo haukuwa kazi yake. Alisema tu, "Twendeni, jamani," akawatoa nje. Na mbele ya kanisa lililofuata, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, alimtaja mfalme asiyehusika kabisa, wala hakujisahihisha.

Miezi kadhaa ilikuwa imepita tangu walipoachana. Baltazar alikuwa mtu wa kutia chumvi mpaka mchuzi ukamwagwa, lakini alipozungumza hata paka wa Alfama, mtaa wao, walikaa kusikiliza. Leonilde alimpenda kwa hilo hilo lililomkera. Juni ya mwaka jana, mkesha kama huu, Baltazar alimletea kichungu cha mrihani chenye ua la karatasi, kama mwanamume wa Lisbon anavyomletea mwanamke anayemtaka. Alikiweka dirishani mbele ya mtaa mzima, na Leonilde akajiona hana haja na kitu kingine duniani.

Kisha Leonilde akamwambia siri. Usiku mmoja wa kiangazi alimweleza jinsi baba yake alivyokwenda Ufaransa kutafuta kazi, akasema atarudi, na mama yake akawa anampangia sahani mezani. Hakuwa amemwambia mtu mwingine. Ilipofika Oktoba, Baltazar alisimama na kundi la wageni mbele ya mlango wao, akakisimulia kisa kile. Alibadilisha mwaka, akaingiza tetemeko, akamfanya mume mnunua mkate. Lakini mama yake Leonilde, Dona Ermelinda, alikuwa ndani ya dirisha, kiasi cha mkono kutoka kwake, akiwauzia wapita njia vijiglasi vya pombe tamu ya cheri. Alisikia mpaka mwisho. Kisha akaingia jikoni, akachukua beseni alimoroweka samaki wa chumvi, akammwagia Baltazar maji yote kichwani.

Wageni walicheka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Baltazar hakucheka, wala Leonilde. Leonilde alimwambia asikanyage tena mlangoni pao, naye Baltazar akatii kupita kiasi. Tangu siku ile alizungusha wageni wake kwa ngazi za chini ili asiuone hata ukuta wa nyumba ile.

Leonilde alirudi nyumbani kwa miguu. Alfama nzima ilikuwa nje. Riboni za karatasi zilining'inia kutoka dirisha hili hadi lile, majiko ya mkaa yalikuwa milangoni, na moshi wa sadini uliingia hadi kwenye nywele. Kila aliyepishana naye alikuwa na mwenzake. Kwenye kona, muuza maua alikuwa akimkaripia mgeni aliyeinama kuutia mrihani pua.

"Toa pua hapo, baba. Utaniulia."

"Nanusa tu."

"Haunuswi hivyo. Weka kiganja juu ya majani, taratibu, kama unampapasa mtoto kichwani. Haya, sasa nusa kiganja chako. Umeona? Ukiutia pua unakufa, na mwenzio anatakiwa kuutunza mwaka mzima mpaka umletee mwingine."

Leonilde aliharakisha hatua. Mrihani wake ulikauka Januari. Chungu chake kilikuwa chini ya sinki, udongo mtupu, hakuwa na moyo wa kukitupa.

Jirani yao Zulmira, mwenye jiko kubwa kuliko yote uchochoroni, alimwona kutoka mbali.

"Nilde, njoo ule. Utazeeka umenuna."

"Sina njaa, shangazi."

"Nani anakula sadini kwa njaa siku ya leo? Njoo. Halafu we msichana ni msiri. Kichungu kimeingia mchana kweupe, hata hutuambii. Hongera yako."

"Kichungu gani?"

"Inua macho basi."

Aliinua. Dirishani kwao, mahali pa chungu kimoja cha mama yake cha kila mwaka, vilikaa viwili. Cha kushoto kilikuwa na ua jeupe, la mama siku zote ni jeupe. Cha kulia kilikuwa na ua jekundu.

Amekuja, alijisemea. Kabla ya kuondoka amekuja. Akaingia ndani mbio, mwavuli ukigonga kila kitu.

Dona Ermelinda alikuwa jikoni akimenya pilipili hoho za kuchoma.

"Amekuja saa ngapi, mama?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo. Amesema nini? Ulimkaribisha?"

Mama yake aliweka kisu chini. Alimtazama usoni kwa muda, akaona furaha iliyokuwa pale, na macho yake yakaingiwa na huruma ambayo Leonilde hakuielewa mara moja.

"Hajaja mtu, mwanangu. Nimekununulia mimi."

Nje mtu alikuwa akijaribu akodioni.

"Umeninunulia wewe," Leonilde alirudia.

"Kuna ubaya gani? Leo kila mtu anaangalia madirisha. Sitaki waseme binti yangu ameachwa kwenye mataa."

"Lakini ni uongo."

"Uongo upi? Chungu kimesema nini? Kimekaa zake tu. Mtu akipita akafikiria lake, hilo ni lake."

Mama aliyasema kwa wepesi, kama mtu aliyeyasema mara nyingi ndani ya nafsi yake. Ni ule wepesi uliomshtua Leonilde. Aligeuka, akakitazama chungu chenye ua jeupe. Tangu akiwa mdogo kililetwa kila mkesha wa Mtakatifu Antoni, na kila mara mama alimwambia maneno yale yale: baba yako amekituma. Hata alipokua akasikia kwamba baba ana nyumba nyingine na watoto wengine huko Ufaransa, aliendelea kuamini kwamba angalau siku hii moja anawakumbuka. Alikuwa akiweka kiganja juu ya majani, kisha akikinusa anapokwenda kulala. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba.

"Na hicho cheupe, mama?"

"Kimefanya nini?"

"Kimeletwa na nani?"

"Na muuza maua, kama siku zote."

"Ametumwa na nani?"

Dona Ermelinda alianza kuifuta meza iliyokuwa safi. "Wewe umechunguza kila jiwe la mji huu. Unajua kisima kilichimbwa lini, kanisa liliungua lini. Hiki kilichokuwa mbele ya macho yako hukukiuliza hata siku moja, nami nikashukuru. Usianze leo."

"Baba hakuwahi kutuma."

"Hapana."

"Hata cha kwanza?"

"Hata cha kwanza. Ulikuwa umesimama mlangoni unamsubiri, na wenzako wote mama zao wameletewa. Ningefanyaje?"

Leonilde alikaa kwenye kiti. "Nani mwingine anajua?"

"Heri uulize nani hajui."

Kumbe mtaa mzima. Zulmira, muuza maua, mwokaji, hata padre labda. Yeye mwenye kazi ya kuwaeleza wageni ukweli wa mji alikuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Akatafuta mtu wa kumlaumu.

"Na Baltazar ulimmwagia maji ya samaki kwa nini? Si kwa sababu ni mwongo? Si ndivyo ulivyoniambia, mtu anayekula kwa uongo atakulisha na wewe uongo?"

"Angesema uongo ningecheka na wageni," mama alijibu polepole. "Alisema kweli. Nimeshika kijiglasi mkononi, na mtu anawaeleza watu wa nchi za mbali kuhusu sahani yangu. Na nilijua imetoka kwako. Sikuweza kukumwagia wewe, nikammwagia yeye."

Leonilde aliushika mkono wa mama yake uliokuwa unaifuta meza, ukatulia.

"Anaondoka kesho," alisema.

"Najua. Zulmira ameniambia. Ndiyo maana nikanunua."

Mama alikuwa na maana nzuri, na hilo ndilo lililouma. Leonilde aliviangalia vile vyungu viwili vilivyokaa bega kwa bega, cha mama na cha binti, na akaiona Juni ijayo na zile zitakazofuata. Atatoka kazini, atakuta ua jekundu dirishani, atawashukuru majirani kwa hongera zao. Mama akifa, atakwenda kununua mwenyewe.

Alisimama, akakichukua chungu chenye ua jekundu.

"Unakipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Nilde. Mwanamke hampelekei mwanamume mrihani. Utachekwa uchochoro mzima."

"Watacheka, wataacha."

"Na akikukataa?"

"Nitakuwa nimejua."

Walimcheka kweli. Alipopita na chungu kifuani, kijana mmoja aliyekuwa akining'iniza taa alimwita, "Dada, umekosea njia, hicho huwa kinaingia, hakitoki." Zulmira alifungua mdomo, kisha akautazama uso wa Leonilde, akaufunga, akarudi kugeuza samaki wake.

Baltazar alimalizia wageni wake palepale alipomalizia siku zote, kwenye baraza la juu ambako mapaa ya Alfama yanashuka hadi mto Tejo. Jua lilikuwa bado lipo. Leonilde alikaa nyuma kabisa, kwenye ukuta, katikati ya wageni, chungu magotini.

"Basi mji mnaouona umesimama juu ya mji mwingine," Baltazar alikuwa akisema, mwavuli wa bluu begani. Alikuwa amekonda. "Ukichimba kidogo unakuta vigae vya jikoni la mtu, kijiko, funguo. Mwenye funguo alidhani atarudi jioni. Na..."

Alimwona. Neno lililofuata likapotea.

"Na?" aliuliza mgeni mmoja.

"Na wakajenga upya," Baltazar alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo hivyo. Wakajenga upya. Asanteni sana."

Ulikuwa mwisho mbovu kuliko yote aliyowahi kuitoa, lakini wageni walipiga makofi, wakampa mkono, wakashuka kufuata harufu ya samaki. Yeye alikunja mwavuli wake kwa uangalifu mkubwa, kama mtu asiyejua afanye nini baada ya hapo. Kisha akaja kukaa ukutani, akaacha nafasi katikati yao.

"Umekuja kunisahihisha?"

"Leo hujakosea."

"Usiniambie. Hata yule mfalme ninayemchanganya siku zote?"

"Mfalme leo nimemkosea mimi."

Baltazar alitaka kucheka, akaangalia chungu. Uso wake ukabadilika. "Hongera. Nani amekuletea?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Amekinunua baada ya kusikia unakwenda. Ili nisionekane nimeachwa." Leonilde alikigeuza chungu magotini. "Na vile vyake vyote, Baltazar. Vyote alinunua mwenyewe. Baba hakutuma hata kimoja. Nimeambiwa leo, na umri wangu huu."

Alitegemea ashtuke. Baltazar hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akawa anachezea kishikio cha mwavuli.

"Ulijua," Leonilde alisema.

"Zulmira aliniambia siku ile ile niliyokuletea changu. Alinivuta pembeni, akaniambia, shika adabu, msichana huyo anaamini vyungu."

"Na hukuniambia. Wewe, unayesimulia mpaka ndoto za watu."

"Ningekuambiaje? Nimekuona mara ngapi unaweka mkono kwenye majani ya mama yako, unajinusa, unafumba macho? Nilijua unamnusa nani. Kisa cha sahani nilikuibia, Nilde. Nilikisimulia kwa sababu kilikuwa kinaniuma, nikadhani kikiuma wengine ni kazi nzuri. Huo ulikuwa upumbavu wangu. Lakini hiki kingine nilikishika. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukishika maishani."

Machozi yalimtoka Leonilde bila kelele. Miezi yote ile alilala akijiambia kwamba alimpenda mtu asiyejua kutunza kitu.

"Usiende," alisema.

Baltazar alifumba macho. Upepo wa mtoni ulipita, ukalitikisa ua la karatasi.

"Wakati wa baridi nilikuwa nasubiri neno hilo hilo," alisema. "Nilikuwa napita ngazi za chini kila siku, nasikia mama yako anauza glasi zake, nasema leo Nilde atachungulia. Hata mwezi uliopita ungeniambia. Sasa chumba changu kina watu, kimefanywa cha kulaza wageni, tangu jana nalala kwa rafiki. Binamu yangu amenipatia kazi kwenye mabasi huko Luxemburg, akanidhamini kwa jina lake yeye. Nisipofika, aibu ni yake."

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Ulikuwa na haki."

"Sikuwa na hasira yote hiyo. Nyingine ilikuwa kiburi."

Baltazar alisogea, nafasi iliyokuwa katikati yao ikaisha. Hakumshika. Walikaa hivyo, bega likigusa bega, wakitazama mashua ya kuvushia watu ikielekea ng'ambo.

"Utarudi?" aliuliza Leonilde.

"Nataka kurudi."

"Sijauliza unataka nini."

"Basi sijui. Nikikuambia najua, nitakuwa nimetia chumvi. Waliotoka mtaa huu wakisema watarudi..."

"Mmoja wao ni baba yangu. Nawajua."

Baltazar aliunyosha mkono wake, akauweka juu ya mrihani, taratibu, akauacha hapo. Alipouondoa, Leonilde aliushika kabla hajaufikisha puani, akakileta kiganja kile usoni kwake, akavuta pumzi. Alihisi majani, jasho la siku nzima, na joto la mtu ambaye kesho atakuwa mbali. Alitamani pumzi ile isiishe. Iliisha.

"Kichukue," alisema, akimsukumia chungu.

"Hakitafika. Kitakauka ndani ya basi kabla ya Uhispania kwisha."

"Sawa. Nakirudisha dirishani. Lakini nisikilize vizuri, Baltazar, kwa sababu sitarudia. Mimi si mama yangu. Kikifa, kimekufa. Juni ikija sinunui kingine, wala simruhusu mtu aninunulie. Ukija na chako mkononi, utapita mlangoni mchana watu wakiona, utamsalimu mama, utakiweka mwenyewe. Usipokuja, dirisha litakaa tupu. Watakaouliza nitawajibu."

"Utawajibu nini?"

"Kwamba nilimpenda mtu, akaenda."

Baltazar alitazama mto. "Historia fupi hiyo."

"Ndiyo. Wageni hawataipenda."

Baltazar alimkumbatia, chungu kikawa katikati yao, ua la karatasi likapondeka. Alimbusu kwenye paji la uso, kisha mdomoni, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akichelewa hataweza kuondoka. Alichukua mwavuli wake. Kwenye kona ya ngazi aligeuka, akaona Leonilde bado amesimama, akauinua mwavuli ule juu, kama waongoza wageni wanavyouinua kila siku ili watu wasiwapotee. Akashuka.

Leonilde hakumfuata.

Aliporudi, majiko yalikuwa yamekolea na watu wameanza kucheza. Mama yake alikuwa dirishani, hauzi kitu, anangoja tu. Aliona chungu kimerudi.

"Amekukataa?"

"Hapana."

"Amebaki?"

"Hapana."

Leonilde alikiweka chungu mahali pake, akalinyoosha lile ua lililopondeka kadiri lilivyokubali. "Mwakani usininunulie, mama. Tafadhali. Akija, atakileta. Asipokuja, paache patupu."

"Utaweza? Wewe hujui jinsi wanavyotazama."

"Sijui. Nitajua."

Dona Ermelinda alimtazama binti yake, akatazama nje, kwenye mlolongo wa madirisha yenye vyungu. Kisha akakinyanyua chungu chake chenye ua jeupe, akatoka nacho mlangoni na viatu vyake vya ndani, akavuka uchochoro mpaka kwenye meza ya Zulmira.

"Pambia meza yako," alisema.

Zulmira alishika mwiko juu ya makaa. "Dona Ermelinda, si cha mumeo hicho?"

Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Hata mpiga akodioni alilegeza vidole.

"Nilikinunua mwenyewe," Dona Ermelinda alisema. Akakiweka mezani. "Vyote nilinunua mwenyewe."

Zulmira alimgeuza samaki mmoja, kisha mwingine. Alikata slesi ya mkate, akaweka sadini nono juu yake, akavuta kiti kwa mguu.

"Tunajua, mama," alisema. "Kaa ule, inapoa."

Mama yake akakaa. Mtu akamsogezea glasi, mwingine akamfunika bega kwa mtandio, na akodioni ikaendelea palipoachwa.

Leonilde alibaki ndani, peke yake na chungu kimoja. Aliweka kiganja juu ya majani, taratibu, akakileta usoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake haikuwa harufu ya baba.